Mfungo wa Mfalme Aliyekula

Sayuni,

Wewe na mama yako mmetoka kwenda kanisani dakika kumi na mbili zilizopita. Mmeniachia sahani tatu, mfupa wa kuku na maneno niliyoshindwa kuyasema mezani. Sahani nimeosha. Maneno ndiyo haya.

Habari ya kufunga milango, kutompa mtu namba yako ya siri, kutolala na simu chini ya mto, mimi siandiki. Mama yako ameshakuambia mara nne, na mara ya nne ulimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo najua umesikia. Barua hii naitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pale unapoweka chaja. Ukiiona utakuwa umeshapita ukaguzi pale uwanja wa ndege wa Dulles, huwezi tena kuniambia "Baba, relax." Ndiyo maana nimechagua mfuko ule.

Najua Kiswahili unakisoma polepole, kama mtu anayevuka barafu. Vuka tu. Haya siwezi kuyasema kwa lugha ya kazini.

Nimekasirika, mwanangu. Usianze kutafuta ni wewe au ni mama yako. Waliokosewa humu ndani ni wengi, na mkosaji ni mmoja, ila leo mezani mlinifanya niwe kama mgonjwa anayezungumzwa na madaktari juu ya kitanda chake.

Kumbuka ilivyokuwa. Mama yako alikuwa anagawa kuku, kijiko juu kijiko chini, kama kila mwaka Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo mkubwa wa Kwaresima yao. "Kuleni sana," alisema kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Kesho hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai. Siku hamsini na tano."

"Wewe hufungi," nikamwambia. "Daktari wa figo amesema nini?"

"Daktari amekataza. Yeye ni Mungu?"

"Siyo Mungu, lakini yeye ndiye amesoma vipimo."

Hapo wewe ukaweka uma chini. "Mama, it's handled. Wiki ya kwanza nita-fast mimi. Wiki ya Baba."

Wiki ya Baba! Ulisema kama mtu anayesema zamu ya kutoa takataka. Nikakuuliza nani kakuambia habari za wiki ya Baba. Ukasema, "Baba, everybody knows." Halafu, kabla sijameza, ukaongeza, "Na Anko Ambo ndiye atanipokea Houston. Tumekuwa tunaongea tangu Krismasi."

Mama yako akaangalia injera yake, ule mkate wa kwao. Alikuwa anajua. Mimi nikainuka, nikaenda kubadilisha chujio la hewa la mashine ya joto, ambalo nililibadilisha wiki iliyopita.

Sasa nikuambie kitu ambacho huenda mama yako hakukuambia chote, kwa sababu ana adabu kuliko mimi.

Wiki hiyo ya kwanza kanisani kwao ina mwenyewe. Ni ya mfalme wa Rumi, wanamwita Hirkali, aliyeurudisha msalaba wa Yesu Yerusalemu baada ya kutekwa. Nimesikia kisa chake kikisimuliwa kwa namna mbili. Wengine wanasema watu aliowaua katika safari hiyo ni Waajemi walioteka msalaba. Wengine wanasema ni Wayahudi, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewaapia kwamba hawataguswa. Kwa vyovyote walikuwa watu, wakafa, na hakuna kisa kitakachofanya hilo kuwa jema. Mfalme, wanasema, alisitasita. Aliogopa kiapo, tena aliogopa sheria kwamba mwenye kumwaga damu afunge maisha yake yote. Akaomba asaidiwe. Watu wa mji wakamwambia: Wewe fanya. Mfungo tutaubeba sisi. Maisha ya mtu ni miaka sabini, tutagawana, kila mtu wiki moja. Akafanya. Nao, kwa uaminifu ambao mimi siuelewi, wakafunga, na watoto wao, na mpaka kesho asubuhi kuna watu watafunga kwa ajili yake.

Mara ya kwanza mama yako kunisimulia tulikuwa hatujaoana. Tulikuwa Nairobi, yeye mkimbizi wa Kihabeshi anayeuza kahawa, mimi Mnyakyusa niliyetoka Tukuyu kujifunza kutengeneza majokofu. Nilipiga hesabu palepale juu ya karatasi ya mandazi. Miaka sabini mara wiki hamsini na mbili, watu elfu tatu mia sita na arobaini. Nikamwambia, "Kanisani kwenu hamzidi mia nne. Mnahitaji makanisa tisa na watu arobaini wa ziada kumwokoa jamaa mmoja." Alicheka mpaka akamwaga kahawa ya mteja. Ukitaka kujua kwa nini alinikubali, ni siku ile. Ukitaka kujua kwa nini amechoka nami, pia ni siku ile, maana tangu hapo kila neno analoniambia mimi nalipigia hesabu.

Na hesabu zangu ziko sawa. Hilo ndilo tatizo. Sijawahi kukosea kujumlisha. Nilichokosea ni kitu gani cha kujumlisha.

Unamkumbuka baba yako mdogo, huyo Anko Ambo, akiwa bezimenti, kile chumba chetu cha chini ya nyumba. Ulikuwa na miaka minane. Alikupikia ndizi za nazi hapa Springfield wakati nje kuna theluji, na ulikataa chakula changu kwa mwezi mzima kwa ajili ya ndizi zile. Unakumbuka mimi nilikuambia amepata kazi Texas. Ulilia, nikakuambia kazi ni kazi.

Hakuwa na kazi Texas, Sayuni. Alikuwa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya duka kubwa la Wheaton, maili zisizofika thelathini kutoka kitandani kwako. Nilimfukuza mimi.

Nataka ulisome hilo kutoka mkononi mwangu, ingawa najua unalijua. "Everybody knows" ni tofauti na mimi kusema.

Bibi yako alinipeleka jikoni kwake Tukuyu siku naondoka kuja huku. Ambokile alikuwa na miaka kumi na moja, anachunga ndama wa watu. Bibi akaniwekea Biblia mkononi, mafiga yakiwa bado na moto, akasema, "Huyu ni wa mwisho tumboni mwangu. Siku atakapofika huko uliko, asilale nje ya paa lako maadamu uko hai." Nikaapa. Sisi Wamoraviani kiapo siyo kitu cha kuchezea, hata kusema "haki ya Mungu" tulichapwa. Niliapa kwa sauti, na nilikuwa namaanisha.

Akafika baada ya miaka kumi na tatu, kwa viza ya masomo. Masomo yakamshinda muhula wa tatu. Sikumsaidia, nilimkaripia. Viza ikaisha, akawa mtu asiye na makaratasi, anaosha vyombo Wheaton, anarudi kwetu usiku na kigari chake kikuukuu. Wakati huohuo mimi ndiyo napanda. Miaka yote nilikuwa natambaa juu ya mapaa kusafisha mifereji ya hewa, na sasa nimefaulu mitihani, naitwa Sterling kwenye yale majengo yasiyo na madirisha yanayohifadhi kompyuta za dunia nzima, niende kutunza mitambo ya kupoza. Kazi ya usalama mkubwa. Watakagua historia yangu. Nikaanza kulala vibaya. Nikamwona mdogo wangu kama moshi unaopita chini ya mlango.

Nikawaeleza wanaume wenzangu wa ule ushirika wetu wa Jumamosi, Wheaton. Tulikuwa saba. Mkubwa wetu, Mkenya mmoja anayependa kusimama akiongea, aliniambia, "Wewe jamaa, usijimalize. Damu ni damu, lakini kazi ni kazi. Huyo kijana ni mtu mzima, mtoe." Mwingine, Mtanzania mwenzangu, akaniwekea mkono begani. "Kaka, kama ni dhambi tutaibeba wote. Tutakuombea."

Tutaibeba wote! Jumamosi iliyofuata walikuwa wanapanga nyama choma ya kiangazi. Nimekaa miaka kumi na mitano nikisubiri hata mmoja wao aniulize, "Mdogo wako yuko wapi?" Lakini nikiwakasirikia sana namkumbuka mfalme. Watu wa mji walisema, ndiyo. Lakini mkono uliofanya ulikuwa wa nani?

Ilikuwa Januari. Nilishuka bezimenti, yeye anakunja nguo zako, zile soksi zako za vikaragosi, anazipanga mbilimbili juu ya mashine ya kufulia. Nikamwambia lazima atoke. Hakubisha. Hilo ndilo linaloniumiza, hakubisha kabisa. Alisema tu, "Kaka, nipe mpaka theluji iyeyuke."

Nikamwambia, "Siku tatu."

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta ufunguo juu ya mashine ile, na soksi zako zimepangwa. Nje ilikuwa nyuzi kumi na tisa, kwa kipimo cha hapa, baridi ya kugandisha maji. Naijua namba ile kwa sababu kupima joto na baridi ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimeshaiangalia kabla sijapanda ngazi.

Alilala ndani ya gari siku kumi na moja. Mama yako ndiye alimtafuta mpaka akampata, akampelekea shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu, kwenye chupa ya chai ili isipoe. Alimwomba arudi. Akakataa. "Shemeji, yule ameshasema." Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeshakufa kwa baridi. Vikakatwa. Halafu akapata mtu wa kwenda naye Houston, na ule uongo niliokuambia ukawa kweli. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kwamba sasa sikuwa mwongo.

Na ile fomu ya kazi ilipokuja nilikaa hapa mezani, mahali hapahapa, nikaijaza. Maswali thelathini na moja. Niliwahi kukamatwa? Niliwahi kubadili jina? Niliishi wapi miaka saba iliyopita? Nikafika la mwisho, nikarudi juu, nikalisoma tena lote. Hakuna hata swali moja lililouliza nani analala bezimenti kwangu. Hakuna, Sayuni. Nilimtoa ndugu yangu kwa ajili ya swali ambalo halikuwepo.

Kama unataka niseme nimejifunza nini maishani, ni hilo tu, na ni kidogo: soma fomu kwanza. Mimi niliogopa kabla sijasoma. Nilijivunia kwamba naona mbali, kumbe nilikuwa naona kitu ambacho hakipo, na mtu aliyekuwepo simwoni.

Bibi yako aliishi miaka minne zaidi. Kila Jumapili kwenye simu: "Ambokile analala wapi?" Kila Jumapili: "Kwangu, mama." Hesabu wewe mwenyewe ni Jumapili ngapi, mimi nimeshahesabu. Alipofariki nilikwenda kumzika peke yangu, maana Ambokile angetoka asingeweza kurudi. Shangazi zangu waliniuliza kwa nini hakuja. Nikasema kazi zimembana. Nikakaa matanga yote nikiwa nasifiwa. "Huyu ndiye aliyemlea mdogo wake Amerika."

Sasa nakuja kwenye wiki.

Mwezi mmoja baada ya Ambokile kutoka, mfungo mkubwa ukaanza. Jumatatu ile nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikamkuta mama yako hajala, na saa tisa alasiri, ndipo wanapofungua, ilikuwa bado mbali. Nikamtania kama kawaida. "Mfalme wako hajambo?"

Hakucheka. "Mwaka huu si wa mfalme. Nafunga kwa ajili yako."

"Nani amekuomba?"

"Hirkali aliomba. Aliogopa dhambi yake, akaomba. Wewe hata kuomba hujui. Kunywa chai yako."

Nikanywa chai yangu. Nikala kwa hasira, na mayai mawili, mbele yake. Mwaka uliofuata akafunga tena. Na uliofuata. Miaka kumi na mitano mara siku saba, siku mia moja na tano, mwanamke yule hakutia kitu mdomoni mpaka alasiri kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakaanga mayai jikoni kwake. Sijamwambia asante. Nilikuwa naona ananitukana. Kila Jumatatu ile akipita na nguo yake nyeupe, nilisikia, "Siku tatu. Siku tatu."

Na ngoja nikuambie kitu cha kazini, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakifikiria leo nikiwa nimeshika lile chujio ambalo halikuwa na vumbi.

Kule Sterling hatuna mtambo unaofanya kazi peke yake. Panapotosha mitambo sita tunaweka saba. Mmoja ukifa, mingine inabeba mzigo wake. Kompyuta hazijui. Wateja hawajui. Chumba kina baridi ileile. Mwaka wangu wa pili mtambo namba nne ulikuwa umekufa wiki nzima, na mtu wa zamu alikuwa amezima sauti ya king'ora kwa sababu kinamsumbua. Joto lilikuwa sawa, kwa nini ahangaike? Tulikuja kujua siku namba tano ulipozidiwa. Mtu huyo wa zamu alikuwa mimi. Nilipewa karipio la maandishi, bado liko kwenye faili langu.

Nyumba yetu imekuwa na baridi nzuri miaka kumi na mitano, Sayuni. Umesoma, umehitimu, umekuwa muuguzi. Watu wanakuja hapa wanakula, wanasema, "Kwenu kuna amani." Na namba nne imekufa, na mama yako amebeba. Leo figo zake zimesema basi. Na wewe, miaka ishirini na mitatu, unaondoka kwenda kuanza maisha yako, unanyanyua uma unaweka chini, unasema mzigo utaupokea wewe.

Hapana.

Unajua kinachoniudhi kwa mfalme yule? Siyo kwamba watu wanafunga kwa ajili yake. Waache, wana moyo. Kinachoniudhi ni kwamba katika kisa chote, kwa namna zote mbili, nimesikiliza miaka hii yote nikitega sikio, hakuna mahali panaposema Hirkali naye alifunga. Hata siku moja. Hata nusu siku, mpaka saa sita mchana. Nimemuuliza mama yako. Mwaka juzi nilimuuliza na padri wao, pale nje ya kanisa, kwenye baridi. "Baba, yeye mwenyewe alifunga?" Padri akacheka kwa upole, akaniambia swali langu ni zuri. Hata jibu kama lipo kwenye vitabu vyao, mimi niliyeuliza ndiye niliyekuwa na yai tumboni.

Alikula. Naona alivyokuwa anakula. Nakijua kiti alichokalia.

Tena msinikosee mara ya pili kwa kunihurumia. Huyo Ambokile, ulipompigia Krismasi, alisemaje juu yangu? Sitaki kujua. Kweli, sitaki unijibu. Mama yako amekuwa na namba yake miaka yote, iko imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la viungo, juu ya pilipili, imeandikwa kwa wino wa bluu. Haina jina. Nimefungua kabati lile mara ngapi? Niliijua kuwa ni ya nani mwaka wa kwanza, kwa tarakimu za mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeshatafuta namba za Houston zinaanzaje. Naijua kwa moyo. Sijawahi kuipiga.

Kwa nini? Nilikuwa nasubiri niwe na kitu cha kumwambia. Fundi haendi kwa mteja bila kipuri. Niliona kusema "nisamehe" mikono mitupu ni kumwongezea kazi, aache shughuli zake anifariji. Kwa hiyo nilitafuta kipuri miaka kumi na mitano. Hakuna. Vidole viwili vya mguu hakuna duka linaloviuza.

Leo mezani ulipotaja kwamba atakuwa pale uwanja wa ndege kukupokea, nikaona yote. Wewe unashuka. Yeye anasimama, mguu wa kushoto mbele kidogo, maana mama yako anasema hutembea hivyo siku hizi. Anambebea begi mtoto wangu. Anamlaza mtoto wangu chini ya paa lake. Mtu niliyemnyima siku ya nne. Na mtoto wangu njaa inamuuma, kwa sababu anafunga kwa ajili yangu, na anko wake amempikia. Atakuwa amepika, Sayuni. Unamjua. Atakuwa amezunguka Houston nzima kutafuta ndizi mbichi. Na wewe utamwambia, "No thanks, Anko, niko kwenye mfungo," na atakuuliza mfungo gani, na utamwambia.

Hilo sitaki. Nimekaa hapa na hasira yangu tangu saa nane, na nimeichambua kama injini, na chini kabisa nimekuta ni hilo tu. Sitaki aseme "karibu chakula" halafu mimi niwe sababu ya sahani kurudi jikoni. Mara moja inatosha.

Kwa hiyo, sikiliza mpango. Ni mpango, siyo ombi.

Wiki hii naichukua mimi. Nimeshamwandikia msimamizi wangu kwamba nabadilisha zamu, siku saba naingia saa nne asubuhi, ili saa tisa iwe na maana. Mama yako hajui bado. Kesho akiniona napita meza bila kukaa atadhani naumwa. Mwache adhani kidogo, na mimi nina haki ya kumtesa mara moja. Sijui kusali kama wao, kusimama kwa saa tatu nzima na fimbo ya kuegemea. Nitasimama nitakavyoweza. Nilishinda njaa vya kutosha utotoni bila mfalme yeyote, mwili unakumbuka.

Na sitafunga ili iwe malipo. Nimepiga hesabu hiyo pia, usinicheke. Nikianza kesho, umri ulionibakia ni mdogo sana. Haitoshi. Haikukusudiwa kutosha. Nafunga ili king'ora kisikike.

Ndege yako kesho inaruka saa mbili asubuhi. Nitakushusha, nitakukumbatia vibaya kama kawaida, nitakuambia uangalie mkoba. Halafu nitakaa kwenye gari ghorofa ya tatu ya maegesho, na saa tatu kamili, wewe ukiwa angani huwezi kumwonya wala kunionya, nitaipiga ile namba. Nitamsalimia kama kwetu, "Ugonile," maana ni asubuhi na ndivyo mtu anavyomuuliza ndugu yake kama amelala. Naujua uzito wa salamu hiyo. Kumuuliza mtu niliyemlaza ndani ya gari kama amelala. Lakini nimetafuta salamu nyingine sikuipata, na labda hiyo ndiyo inayostahili.

Baada ya hapo nitamwambia mambo mawili. Kwamba nilimdanganya mama kila Jumapili. Na kwamba lile swali halikuwepo kwenye fomu. Hajui hilo. Kwa miaka yote anadhani alitolewa kwa sababu ya kweli. Ana haki ya kujua kwamba alitolewa bure. Anaweza kunichukia zaidi akilisikia, na atakuwa sahihi, na nitalisema hivyohivyo.

Akikata simu, amekata. Hiyo itakuwa Jumatatu. Nitapiga Jumanne saa tatu. Nitapiga Jumatano. Siku ni saba, nami nitakuwa nimeshikilia simu na tumbo tupu, sina chai ya kukimbilia.

Wewe usinisemee. Akikuuliza habari zangu mwambie, "Baba atakwambia mwenyewe." Usimbembeleze. Usitafsiri. Umekuwa ukitafsiri humu ndani tangu una miaka mitano, mimi na mama yako, mama yako na shule, mimi na benki. Umestaafu.

Na akileta sahani, mwanangu, iwe saa ngapi, iwe na nyama, iwe na maziwa, iwe na yai juu, ndizi zake zile na nazi: usiulize, usihesabu.

Kula. Omba uongezewe.

Gari lenu limeingia, nasikia mama yako anabishana na mlango wa gereji. Naikunja.

Baba yako,
ambaye kesho mpaka saa tisa hajala